Korongoni, Nenda na Mwenyeji

Sisi tunaoishi Nakuru tumejaliwa milima mpaka tumeizoea. Mji wenyewe umeegemea Menengai. Ukishika barabara kuu ya Nairobi, ukishapita Gilgil na Naivasha, unaiona Longonot imesimama peke yake bondeni, kilele kimekatika. Na upande wa kusini wa Ziwa Naivasha, nyuma ya mashamba ya maua, kuna korongo la Ol Njorowa ndani ya mbuga ya Hell's Gate. Zote tatu ziko ndani ya kaunti yetu. Unaondoka alfajiri, unapanda au unashuka kutwa nzima, na usiku unalala kitandani kwako.

Miaka ya karibuni watu wameamka. Jumamosi asubuhi pale stendi utawaona na mabegi yao mgongoni, chupa za maji zimening'inia, wengine wamekodi matatu nzima. Nafurahi kila ninapowaona, kwa maana naamini hakuna darasa la nchi yetu linaloishinda siku moja ya kutembea juu yake. Lakini kuna mazungumzo ninayoyasikia kila mara kabla ya safari kama hizi, nayo yananiuma. Watu wanapiga hesabu: nauli, kiingilio, chakula, na wakifika kwa mwongozaji, mmoja anasema huyo tumtoe, njia si inaonekana, na ramani iko kwenye simu. Wengine wanaitikia.

Nataka kueleza kwa nini huyo ndiye wa mwisho kutolewa. Nitaanza na korongo, maana huko ndiko jambo hili linakuwa la kufa na kupona.

Kutoka Nakuru hadi Naivasha ni kilomita kama 70. Ukifika stendi ya Naivasha unachukua matatu ya Kongoni inayofuata barabara ya kusini mwa ziwa, unashuka njia panda ya Hell's Gate. Baiskeli za kukodi ziko hapo. Usichukue ya kwanza unayosukumiwa: bana breki zote mbili, izungushe gurudumu uone kama limepinda, kitikise kiti. Kiingilio cha mbuga kinalipwa kwa eCitizen, ule mtandao wa malipo wa serikali, taslimu haipokelewi, kwa hiyo limalize hilo mapema simu ikiwa na chaji na mtandao ukiwa imara. Kutoka lango la Elsa hadi mdomo wa korongo ni mwendo wa kilomita kama nane, na ni mwendo mtamu. Hell's Gate ilitangazwa mbuga ya taifa mwaka 1984. Ni ndogo, kilomita za mraba 68 na kidogo, na ni mojawapo ya mbuga chache nchini ambamo unaruhusiwa kupita kwa miguu au baiskeli katikati ya punda milia na swala. Kuta za mwamba mwekundu zinakusindikiza pande zote mbili, na huko juu tai wana viota. Nyati pia wapo, kwa hiyo macho yasitoke kwenye vichaka.

Njiani unapita mnara wa jiwe wa kama mita 25 uliopewa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyefika sehemu hizi mwaka 1883. Ule mnara ni lava iliyogandia kwenye koo la volkano, kisha mawe laini yaliyokuwa yameizunguka yakaliwa na mvua na upepo, ikabaki yenyewe. Wamaasai wana kisa chao: binti wa mkubwa wao alikuwa akipelekwa kwa mumewe, akakanywa asigeuke nyuma, naye akashindwa, akageuka kuangalia kwao mara ya mwisho, akawa jiwe pale pale. Mimi kisa hicho nilikisikia kutoka kwa mwongozaji wetu, na alikisimulia polepole, ameupa mnara mgongo. Nikamuuliza kama ni kwa makusudi. Akasema hivyo ndivyo nyanya yake alivyokuwa akikisimulia.

Waongozaji wanangoja kwenye kituo cha askari wa wanyamapori, pale juu ya korongo. Wengi ni vijana wa Kimaasai waliozaliwa hapo hapo, waliochunga mbuzi kwenye kingo hizo tangu wakiwa wadogo. Yule aliyetuchukua hakuanza na bei. Alitazama viatu vyetu, mmoja mmoja. Akauliza nani ana shida ya goti, nani anaogopa urefu, kila mtu ana maji kiasi gani. Kisha akatuacha tumesimama, akaenda hatua chache pembeni, akawa anaangalia mbali kwenye miinuko. Juu yetu hapakuwa na wingu hata moja. Aliangalia kwa muda mrefu kuliko tulivyotarajia, akampigia mtu simu kwa Kimaa, akarudi akasema twende, lakini tusikawie chini.

Ukishashuka, joto linabadilika. Sehemu za juu korongo ni pana, lakini kadiri unavyoendelea kuta zinakusogelea mpaka mahali pengine unanyoosha mikono na kugusa pande zote mbili. Zimelainishwa na maji, zimepindapinda, na ndani yake unaona matabaka: kijivu, rangi ya maziwa, kahawia, kijivu tena. Kila tabaka ni majivu na mawe mepesi yaliyomwagwa na volkano. Mahali fulani maji ya moto yanachuruzika ukutani, na chini yake kuna utelezi wa kijani. Mwongozaji alitutangulia pale, akaweka mguu wake kwenye kishimo kidogo cha mwamba, akasema mguu wa kushoto hapa, mkono wa kulia pale, usiangalie chini bali niangalie mimi. Watu wote wakapita, hata dada mmoja aliyekuwa ameshaanza kusema atatungoja nyuma.

Kuna vipande vya jiwe jeusi linalong'aa vimetapakaa mchangani. Ni kioo cha volkano, lava iliyopoa haraka mno. Kabla watu hawajajua chuma, wakazi wa bonde hili walikichonga wakapata visu na ncha za mishale, na makali yake bado ni makali. Mwongozaji alimpa kila mtu akishike, kisha akatuomba tukirudishe chini.

Tulipofika sehemu nyembamba zaidi alisimama, akainua fimbo yake ya kuchungia akaielekeza ukutani. Palikuwa na ufa, na ndani ya ufa limekwama fungu la nyasi kavu, kijiti chenye unene wa kidole, na kifuniko cha chupa ya soda. Akaunyoosha mkono wote na fimbo yake juu, na ncha haikufika. Hakuna aliyeviweka pale kwa mkono. Maji ndiyo yaliyovibeba na kuvisukuma ndani ya ule ufa, na tulikuwa tumesimama mahali ambapo maji hayo yalipita.

Baada ya hapo hakuna aliyetoa simu kupiga picha kwa muda.

Korongo hili limechongwa na maji. Maelfu ya miaka iliyopita Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa na lenye kina zaidi kuliko tunavyolijua, na maji yake yalifurika kuelekea kusini kupitia hapa, yakikata majivu laini ya volkano mpaka yakaacha huu mpasuko. Ziwa lilipopungua, mpasuko ulibaki mkavu, na ndiyo sababu siku nyingi za mwaka unatembea juu ya mchanga ukidhani uko jangwani. Lakini njia ya maji haisahau kazi yake. Mvua ikinyesha kwenye miinuko inayolizunguka, maji yote yanatafuta mteremko, na mteremko unaishia kwenye mfereji ambao upana wake ni wa mtu mmoja. Kwenye uwanda maji hayo yangekufika kwenye kifundo cha mguu. Humu yanapanda ukutani.

Na yanaweza kukufika huku jua likikuwakia. Hapo ndipo wageni wanaponaswa. Mtu wa mjini akitaka kujua kama mvua itanyesha anatazama juu ya kichwa chake, na simu inamwambia Naivasha leo ni jua, nayo inasema kweli. Mvua inayoua korongoni inanyesha kwingine.

Aprili 2012 vijana saba wa kikundi cha kanisa walisombwa na mafuriko humu wakafa. Septemba 2019 yakatokea tena, watu saba wakapoteza maisha, na mmoja wao alikuwa mwongozaji wa hapo hapo. Korongo lilifungwa baada ya mkasa huo. Najua kuna atakayesema: basi kama hata mwongozaji alikufa, ana faida gani? Nimelifikiria sana swali hilo, na jibu langu ni kwamba mwongozaji si hirizi. Maji ya ghafla yanaweza kumshinda mtu yeyote. Anachokupa ni dakika. Ndiye ambaye maji yaliyokuwa meupe yakigeuka kahawia, au majani na vijiti vikianza kuja na mkondo, hamalizi sentensi aliyokuwa akiisema, anawapandisha. Ndiye anayejua ni sehemu gani ya ukuta inayopandika na ipi inaonekana hivyo tu, maana amepanda zote akiwa mtoto akifuata mbuzi. Ndiye mwenye binamu kwenye miinuko anayeweza kupigiwa simu aulizwe kama kwao kunanyesha. Na yule aliyekufa 2019 alikufa akiwa kazini, pamoja na wageni wake. Mimi siwezi kulijua hilo kisha nikae kwenye kikundi nikibishania ada ya mwongozaji.

Kwa hiyo kuhusu Ol Njorowa sina mjadala. Uliza langoni siku hiyo hiyo kama korongo liko wazi na ni sehemu zipi. Likiwa limefungwa, limefungwa. Miezi ya mvua za masika na za vuli panga kitu kingine.

Longonot ni habari tofauti, na sitatia chumvi. Njia yake ni moja, imekanyagwa vizuri, na askari wapo langoni. Kutoka langoni hadi ukingo wa kasoko, lile shimo la juu ya volkano, ni kama kilomita tatu za kupanda, kuzunguka ukingo wote ni saba na ushei, na kilele chake kiko mita 2,776 juu ya usawa wa bahari. Watu wengi wanaupanda bila mwongozaji na wanarudi salama. Kinachochosha ni vumbi. Mlima mzima ni majivu ya volkano, na njia imechimbika mpaka mahali fulani unatembea ndani ya mtaro unaokufika kiunoni. Kiangazi unameza vumbi la aliye mbele yako, na mvua ikinyesha unateleza. Huko juu hakuna tone la maji, beba lako kutoka chini.

Hata hivyo ningeenda na mwenyeji, kwa sababu ya yale unayoyaona ukiwa naye. Ukisimama ukingoni unatazama msitu mzima umekua ndani ya shimo, na mtu asiyekuwa na wa kumwambia anapiga picha anaondoka. Mlima huu unasemekana kulipuka mara ya mwisho miaka ya 1860, juzi tu kwa umri wa mlima. Na haujatulia kabisa: kati ya mwaka 2004 na 2006 setilaiti zilipima ardhi yake ikiinuka kwa takriban sentimita 9. Nilipomtajia hilo mwongozaji hakushtuka hata kidogo. Alituonyesha ukutani mwa kasoko mahali ambapo mvuke hutoka asubuhi kukiwa na baridi, akatuambia wazee wake hawakuhitaji setilaiti kujua kwamba mlima unapumua.

Menengai ndiyo ya nyumbani, na inanipa huzuni kidogo, kwa vile wengi wetu tumeishia pale juu tu. Unapanda bodaboda hadi kwenye ukingo, unanunua mahindi ya kuchoma, unapiga picha penye kile kibao kinachoonyesha umbali wa miji ya dunia, unashuka. Wakati mbele yako kuna moja ya kasoko kubwa za volkano zilizo nzima duniani, eneo la kama kilomita za mraba 90, na ukingo unaodondoka karibu mita 500 kwenda chini. Waliowahi kushuka hadi sakafuni ni wachache, hata kwa waliozaliwa mtaa wa Section 58 hapa mjini.

Kule chini mwongozaji ni lazima, kwa sababu tofauti kabisa na ya korongoni. Adui hapa ni kupotea. Sakafu ya Menengai ni lava nyeusi iliyoganda kwa mawimbi, imevunjikavunjika, na katikati yake vichaka vya leleshwa vimeota kufika juu ya kichwa. Ukitembea nusu saa, kila upande unafanana na mwingine. Ukingo unauona pande zote, kwa hiyo hauwezi kukuambia lolote. Lava yenyewe ina makali, ukianguka unachanika, na soli nyembamba hazifiki jioni.

Mwenyeji tuliyeshuka naye alikuwa mtu mzima, baba wa watoto, ambaye miaka mingi amekuwa akiwapeleka waumini kwenye mapango yaliyo kando ya kasoko wanakofunga na kuomba. Alitembea bila haraka. Kila baada ya muda aligonga ardhi kwa fimbo akisikiliza, hasa tulipokaribia matundu ya mvuke. Majani yanayoyazunguka matundu hayo ni mabichi hata kiangazi, maana mvuke unapoa na kuyanywesha, na mgeni anavutiwa kukanyaga pale pale penye kijani. Yeye alitusimamisha mbali kidogo, akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya jiwe, akatuita tuweke vyetu mmoja mmoja. Lilikuwa na joto la sufuria iliyoepuliwa muda. Hatua mbili mbele, akasema, usingeweza kuushikilia mkono wako.

Joto hilo ndilo lililoileta Kampuni ya Ustawishaji wa Mvuke, GDC, iliyoanza kuchimba visima humu mwaka 2011 kwa ajili ya umeme. Kule Olkaria, jirani na korongo la Ol Njorowa, umeme wa mvuke ulianza kuzalishwa mwaka 1981. Kwa hiyo taa unayowasha usiku nyumbani huenda imetoka chini ya njia uliyopita mchana. Mzee wetu alizijua habari za visima vizuri, lakini aliposimulia mvuke umetoka wapi alianza na ile ya zamani: vita vya Wamaasai kwa Wamaasai, Ilaikipiak walioshindwa wakatupwa kasokoni, na mvuke huu ni roho zao zinazotafuta kupanda. Alisimulia yote mawili bila kuona kwamba moja linalifuta lingine, na mimi nikaona hiyo ni elimu kamili zaidi kuliko kibao chochote.

Sasa nirudi kwenye pesa. Vikundi vingi vya matembezi vinaongozwa na mtu wa mjini, na simdharau. Anapanga usafiri, anahesabu watu, anawatia moyo waliochoka, anajua huduma ya kwanza. Hiyo ni kazi. Lakini kuna kikundi kimoja nilichosafiri nacho ambacho kilikuwa na bajeti ya fulana zenye nembo, bajeti ya mpiga picha, na mwenyeji aliyetuongoza kutwa nzima akaachiwa chenji iliyochangwa kwenye kofia wakati gari limeshawashwa. Alipokea akashukuru. Nilikaa kwenye kiti changu nikiwa na hasira mpaka Gilgil, kwa sababu kila mtu ndani ya gari lile alikuwa amefika chini na kurudi juu mzima kwa maarifa ya mtu yule, na hakuna aliyeyajua hata majina yake yote mawili.

Maarifa yale hayapatikani kwa kozi ya wiki mbili. Ni utoto mzima wa kuchunga, ni hadithi za nyanya, ni kuwa na ndugu upande wa pili wa mlima. Vijana wa pale wakiona hayalipi, wataenda kutafuta bodaboda mjini kama wenzao, na hilo sitawalaumu. Lakini korongo litabaki na wageni wenye simu peke yao.

Kwa hiyo kama uko Nakuru na unataka kuanza, mimi ningekuanzisha na Menengai, Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi kabla ya jua kuchoma lava. Mtafute mwenyeji siku mbili kabla, mpigie mwenyewe, mwambie mko wangapi na nani ana udhaifu gani. Kubalianeni bei kabla ya kushuka, na jioni mtumie kwa M-Pesa moja kwa moja, isipite kwa mtu wa kati. Beba maji zaidi ya unavyodhani, na chakula chake pia, si chako tu. Baada ya hapo nenda Longonot ujue mapafu yako. Ol Njorowa iwe ya tatu, mwezi wa kiangazi. Na ukifika kule juu ya korongo, mwongozaji akaangalia miinuko kwa muda mrefu, akapiga simu yake, akarudi akisema leo hatushuki, mlipe siku yake kama alivyotarajia, chukueni baiskeli mzunguke mbugani mpaka jioni. Twiga wako huko juu, na njia ya Buffalo Circuit ina mandhari ya kutosha siku nzima.